Adelaide hadi Darwin na karavani: shajara ya njia ya Stuart

Nilirudi Adelaide, kusini mwa Australia, kutoka safari ya Darwin mwishoni mwa Agosti 2024, na tangu hapo ndugu na marafiki, wa huku na wa nyumbani Tanga, wananiuliza maswali yale yale: ulilala wapi, ulikula nini, ilikugharimu kiasi gani, na mwanamke peke yako hukuogopa? Nimekaa na daftari langu na picha za kwenye simu, nimeipanga safari upya hatua kwa hatua. Sehemu zisizokuwa na jambo nimezipita.

Muda niliupata hivi. Nafanya kazi ya kuhudumia wazee, na kwa sheria ya jimbo la South Australia, ukimtumikia mwajiri mmoja miaka 10 unastahili wiki 13 za likizo yenye malipo. Wengi wetu huitumia kwenda nyumbani. Mimi nyumbani nilikuwa nimetoka mwaka uliotangulia, nikaona hii niitumie kuijua nchi ninayoishi. Gari ni Prado ya dizeli, ya zamani lakini mzima, na nyuma yake karavani ya mtumba yenye urefu wa mita nne na nusu: kitanda, jiko dogo la gesi, sinki, friji inayotumia sola, meza ya kukunja. Choo hakimo ndani. Nilinunua kile cha kubebeka.

Watu wengi wa mjini waliniambia naenda mahali patupu. Nimelisikia neno hilo mara nyingi, na linaniudhi, maana kila hatua ya njia hii nilikuta watu: wenye ardhi, wachimbaji, madereva wa malori, wapishi, wasafiri wenzangu. Bila wao nisingefika.

27 na 28 Mei. Port Augusta na Lake Hart

Kutoka Adelaide hadi Port Augusta ni kilomita 300 za mashamba ya ngano. Hazina hadithi. Port Augusta ndipo Stuart Highway inapoanzia, na kutoka hapo hadi Darwin ni kilomita zipatazo 2,700. Barabara imepewa jina la John McDouall Stuart, aliyelivuka bara hili kutoka kusini hadi kaskazini mwaka 1862 kwa farasi. Lami yake ilikamilika mwaka 1987, kwa hiyo kuna wazee wengi tu wanaokumbuka kuisafiri kwa vumbi na matope.

Hapo nilijaza kila kitu. Dizeli ilikuwa dola 1.90 za Australia kwa lita, na sikuiona tena bei hiyo mpaka niliporudi. Nilijaza tangi la maji la karavani na madumu matatu ya lita 20 juu yake. Chakula kikavu nilikuwa nimetoka nacho Adelaide: sembe, mchele, maharage, dengu, tui la kopo, bizari, iliki, vitunguu vya kutosha. Duka kubwa la bei ya kawaida linalofuata liko Alice Springs, kilomita 1,200 mbele.

Usiku wa 28 nililala Lake Hart, kilomita 40 hivi baada ya Pimba. Ni ziwa la chumvi tupu, jeupe hadi upeo wa macho, na reli inapita kandokando yake. Kulala ni bure, na kuna choo. Nilikuta karavani tano. Kabla sijamaliza kuweka magogo ya kuzuia magurudumu, mama mmoja mwenye mvi alikuja na kiti cha kukunja mkononi, akasema, "Moto wetu uko pale, chukua kiti hiki uje." Nilikwenda na sufuria ya maharage ya nazi. Walikuwa hawajawahi kula maharage yenye tui, na sufuria ilirudi safi. Saa tatu usiku treni ya mizigo ilipita, na behewa zilikuwa nyingi kiasi kwamba tulinyamaza wote tukaiangalia hadi mwisho.

Kwa mtakaofuata: ikifika saa kumi jioni tafuta mahali pa kulala. Kanguru huanza kuvuka barabara jua likizama, na ng'ombe wa kule wengi hawana uzio. Mizoga niliyoiona pembeni, na tai wakubwa juu yake, inatosha kumfundisha mtu. Halafu jifunze salamu: kila gari linalokuja mbele yako, dereva ananyanyua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nawe nyanyua. Baada ya saa tano za kuendesha peke yako, kile kidole kina maana.

30 Mei hadi 3 Juni. Coober Pedy

Kati ya Glendambo na Coober Pedy kuna kilomita 254 bila tone la mafuta. Usiianze ukiwa na nusu tangi, hasa ukiwa unakokota, kwa sababu upepo wa mbele unaongeza ulaji. Gari langu, ambalo peke yake linakula lita 10 kwa kilomita 100, lilikuwa linakula 15. Njiani kuna mahali ambapo lami imepanuliwa na kuchorwa alama kama uwanja wa ndege, na kweli ni uwanja wa ndege: ndege za Flying Doctor hutua barabarani kuchukua wagonjwa. Huduma hiyo ilianzishwa mwaka 1928 na mchungaji John Flynn, na hadi leo ndiyo hospitali ya watu wa nyikani.

Coober Pedy ni mji wa opali, jiwe la thamani. Kijana wa miaka 14 aliokota jiwe la kwanza mwaka 1915, na tangu hapo ardhi imetobolewa kila upande. Mabango yanakuonya usitembee kinyumenyume ukipiga picha, kwa sababu mashimo yako wazi na ni marefu. Kiangazi joto hupita nyuzi 40, ndiyo maana watu wamechimba nyumba zao ndani ya vilima.

Kambini nilikutana na mzee wa Kigiriki, mchimbaji mstaafu. Aliniuliza ninatoka wapi. Nilipomwambia Tanga, akaniambia anawajua Wagiriki waliokuwa na mashamba ya mkonge upande huo zamani. Ni kweli, walikuwepo wengi, na baba yangu alikuwa akiwataja. Basi akanikaribisha kahawa nyumbani kwake. Unaingia kwa mlango wa kawaida kwenye ubavu wa kilima, kisha baridi laini inakupokea. Kuta ni mwamba wa rangi ya waridi na maziwa, na zimejaa mistari ya duara, moja baada ya nyingine, ilipopita mashine ya kuchimbia. Nilipitisha vidole, na mistari ile ilikuwa na kina cha kutosha kuingiza ukucha. Mzee alikuwa ameipaka gundi isiyo na rangi ili vumbi lisianguke. Rafu ya vitabu ilikuwa imechongwa humo humo ukutani. Alipotaka rafu nyingine, aliniambia, alichimba nyingine. Kipimajoto kilisoma nyuzi 23, na kinasoma karibu hivyo mwaka mzima, bila feni wala umeme wa kupoza.

Nilikaa siku zaidi ya nilivyopanga. Jioni moja nilikwenda Kanku-Breakaways, vilima vya rangi nyeupe, njano na kahawia vilivyosimama peke yao kwenye uwanda. Karibu yake unapita uzio wa dingo, mbwa wa porini wa huku, wenye urefu wa zaidi ya kilomita 5,000, uliowekwa kuwazuia mbwa hao wasiingie kwenye malisho ya kondoo ya kusini. Maji mjini humo ni ghali kwa sababu yanasafishwa chumvi, hivyo ukifika na maji yako unashukuru.

4 hadi 6 Juni. Kuelekea mpakani na Erldunda

Siku mbili za kuendesha tu: Marla, kisha mpaka wa kuingia Northern Territory, eneo la kaskazini ya nchi, kisha Kulgera. Ukivuka mpaka kibao kinaruhusu kilomita 130 kwa saa. Mimi nilibaki 90. Karavani ikianza kuyumba kwa upepo wa lori, 90 inakupa nafasi ya kuituliza, 110 haikupi.

Malori ya huku yana trela tatu, mara nyingine nne, na urefu wake unafika mita 53. Weka redio ya UHF, ile ya kuongea gari kwa gari, kwenye chaneli 40, ndiko madereva waliko. Lori likija nyuma yangu nilikuwa nasema, "Lori uliye nyuma ya karavani nyeupe ndogo, ukiwa tayari kupita niambie, nitapunguza." Wote walinijibu kwa adabu. Likishaanza kupita, punguza mwendo na shika usukani imara, usihame njia, usiende kwenye kokoto. Mmoja alipomaliza kunipita alisema, "Asante dada, safari njema, kuna ng'ombe kilomita kumi mbele upande wa kushoto." Ng'ombe walikuwepo, wapatao ishirini, wamesimama katikati ya lami.

Dizeli Erldunda ilikaribia dola 2.50. Kituo cha njiani kwa kule ni sheli, mgahawa, baa, vyumba na kambi mahali pamoja, na bei yake ni bei ya kitu kilichosafirishwa mbali. Sikununua chakula isipokuwa chai.

7 hadi 11 Juni. Uluru

Kutoka Erldunda unakata magharibi kilomita 245 kuelekea jiwe kubwa la Uluru. Mlima wa kwanza utakaouona kushoto, mpana na bapa juu, ni Mount Conner. Wengi husimama kuupiga picha wakidhani wamefika. Endelea.

Uluru lina kimo cha mita 348 kutoka ardhini. Picha zote nilizowahi kuziona hazikuwa zimeniandaa, kwa sababu picha hulionyesha kama jiwe moja laini, ilhali ukilikaribia lina mikunjo, mapango, mifereji, miti, na mahali penye maji. Ardhi ilirudishwa kwa Waanangu, wenyewe wa asili, tarehe 26 Oktoba 1985, nao wakaikodisha kwa serikali kuwa hifadhi. Kupanda juu kulipigwa marufuku tarehe 26 Oktoba 2019, baada ya Waanangu kuomba miaka mingi watu wasipande. Nililipa dola 38, tiketi ya siku tatu, nikaongeza siku.

Asubuhi ya pili nilijiunga na matembezi ya Mala yanayoongozwa na walinzi wa hifadhi, bila malipo. Tulipitishwa kwenye mapango yaliyotumika vizazi na vizazi: hili la wazee, hili vijana walimofundishwa, hili jiko la kina mama. Nililisogelea lile jiko. Dari yake ni nyeusi kwa moshi. Wanawake walikaa pale wakisaga mbegu juu ya mawe, wakipondaponda na kutengeneza vikate vya kuoka kwenye majivu, huku watoto wakicheza mbele yao. Kizazi baada ya kizazi moshi ule ule umepaka ule mwamba. Nilifikiria jiko la bibi yangu Pangani, paa lake la makuti lilivyokuwa jeusi vile vile, nikasimama pale hadi kundi likanipita. Anayesema nchi ile ni tupu apelekwe kwanza hapo.

Kulizunguka jiwe zima kwa miguu ni kilomita 10.6. Anza alfajiri. Kuna sehemu zenye vibao vya kukataza picha kwa sababu ni za ibada za wanawake au za wanaume. Weka simu mfukoni, pita kwa heshima. Kambi ya Yulara, mji mdogo wa wageni karibu na Uluru, ni ghali na hujaa, kwa hiyo agiza nafasi wiki kadhaa kabla. Maji pale ni mazuri, nikajaza madumu yote.

13 Juni hadi 1 Julai. Alice Springs

Hapa nilikaa. Mji uko kwenye ardhi ya Waarrernte, wao huuita Mparntwe, na uko nusu ya njia: kilomita 1,500 kusini Adelaide, kilomita 1,500 kaskazini Darwin. Mchana jua tamu, usiku baridi kali. Kuna asubuhi maji ya bomba la nje yaliganda. Nililala na soksi, sweta na mablanketi mawili. Mtu asikudanganye kwamba jangwa ni joto siku zote.

Sikukuu ya kuchinja ilinikuta hapo. Alice Springs kuna msikiti unaoitwa kwa jina la Waafghani, na jina hilo lina asili ndefu. Kuanzia miaka ya 1860, ngamia na wachungaji wao waliletwa kwa meli kutoka upande wa Karachi. Walitoka Afghanistan, Baluchistan, Punjab na kwingineko, lakini wote waliitwa Waafghani. Ngamia wao ndio waliobeba maji, unga, sufu, vyuma vya reli na nguzo za telegrafu, ile simu ya zamani ya kupeleka ujumbe kwa waya, katika nyika hii kabla ya magari. Treni ya Ghan ya kutoka Adelaide hadi Darwin imepata jina lake kwao. Malori yalipoingia, ngamia waliachiwa, na wajukuu wao wanazurura porini hadi leo. Niliwaona kundi zima magharibi ya Erldunda.

Baada ya sala nilikuwa najiandaa kurudi kambini kula peke yangu. Dada mmoja wa Kisomali alinishika mkono kabla sijavaa viatu. "Unakwenda wapi? Leo hakuna anayekula peke yake." Nilikwenda kwao. Mumewe anaendesha teksi, yeye ni muuguzi. Tulikuwa Wasomali, Wahindi, Waafghani wa leo, na mimi Mswahili, tumekaa chini kwenye mkeka tukila pilau ya Kiafghani yenye zabibu na karoti, na sambusa ambazo zingeweza kutoka jikoni kwetu. Dada yule alikuwa amepita Mombasa utotoni, na Kiswahili chake cha huko kilikuwa bado kipo: "Kula, mama, usione haya." Nilirudi karavani na sahani tatu zilizofunikwa karatasi ya fedha.

Siku nyingine katikati ya mji nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa anachora chini ya mti, turubai imetandazwa ardhini, nukta baada ya nukta kwa kijiti. Vijana waliopita walimwamkia shangazi. Aliniuliza nchi yangu ni ipi. Nikasema Tanzania. Akatikisa kichwa, akauliza tena: bibi yako nchi yake ni ipi, mahali hasa. Nikamwambia Pangani, mtoni, penye minazi. Hapo aliridhika, akanionyesha kwenye turubai mahali pa bibi yake, kisima na vilima vya mchanga. Nilinunua picha ndogo kwa dola 80, nikamlipa yeye mwenyewe mkononi. Ukitaka kununua sanaa, nunua kwa mchoraji au kwenye vituo vya sanaa vinavyomilikiwa na jamii zenyewe.

Huduma nyingine zilizonisaidia: kufua nguo, kubadilisha oili ya gari, na soko la kujaza chakula. Kambi yenye umeme ilikuwa dola 48 kwa usiku, na ukikaa wiki wanapunguza.

2 na 3 Julai. Barrow Creek na Karlu Karlu

Nina desturi: kila ninaposimama, kabla ya chai, nazunguka karavani na kugusa kitovu cha kila gurudumu kwa mgongo wa mkono. Barrow Creek, kilomita 280 hivi kaskazini ya Alice, gurudumu la kulia lilikuwa la uvuguvugu. La kushoto halikugusika.

Pale pana jengo la mawe la kituo cha telegrafu cha mwaka 1872, kituo cha njiani, na nyika. Mtandao wa simu haukuwepo. Kando yangu aliegesha mzee wa Queensland na mkewe, wana karavani kubwa. Aliniona nimeinama, akaja bila kuitwa. Aligusa, akapiga mluzi, akasema, "Mwanangu, hii isiende hata kilomita moja zaidi." Alikuwa amefanya kazi ya ufundi wa malori maisha yake yote.

Tukainua kwa jeki, tukatoa gurudumu, akachomoa kofia, pini na nati. Beringi ya nje ilipotoka aliiweka kwenye kiganja changu ili nione mwenyewe. Grisi, inayotakiwa kuwa nyekundu au ya buluu kutegemea aina yake, ilikuwa kijivu, na ndani yake kulikuwa na vumbi la chuma linalometameta juani. Nilipoizungusha kwa kidole nilihisi inakwaruza. Mzee akaenda kwenye sanduku lake, akarudi na beringi mpya mbili na sili, saizi ile ile, alizokuwa amezibeba kwa ajili ya karavani yake. Kisha akanifundisha kupakia grisi: unaweka donge kwenye kiganja cha kushoto, unashika beringi kwa mkono wa kulia, unaikwangua kwenye lile donge ukingo kwa ukingo mpaka grisi itokeze upande wa pili katikati ya rola zake, unageuza kidogo, unarudia hadi umezunguka yote. Ya kwanza alipakia yeye. Ya pili nilipakia mimi, akaikagua, akasema sawa. Nati aliikaza, akailegeza, akaikaza kwa vidole tu, akarudisha pini mpya na kuipinda.

Pesa alikataa. "Ukifika Tennant Creek nunua seti moja uiweke," alisema. "Utakutana na mtu."

Tukaongozana polepole, mimi mbele wao nyuma, tukisimama kila kilomita 30 kugusa gurudumu, hadi Karlu Karlu. Hayo ndiyo mawe makubwa ya duara yaliyopangana juu ya mengine kusini ya Tennant Creek, mahali patakatifu palipojulikana miaka mingi kwa jina la Kiingereza, Devils Marbles, na kurudishwa kwa wenyewe mwaka 2008. Usiku ule nilipika pilau ya nyama ya ng'ombe kwa sufuria kubwa niliyokuwa nayo. Mkewe aliandika viungo vyote kwenye daftari lake, na akataka nimwandikie jina la kila kimoja kwa Kiswahili.

Angalizo: kibali cha hifadhi na nafasi ya kulala kwa hifadhi za Northern Territory hulipwa mtandaoni, na Karlu Karlu sikupata mtandao. Lipia ukiwa bado Alice Springs au Tennant Creek. Na beringi, nilinunua seti yangu Tennant Creek siku iliyofuata, dola 45, pamoja na kopo la grisi.

6 hadi 16 Julai. Three Ways, Daly Waters, Mataranka

Baada ya Three Ways, ambapo njia ya Queensland inachepuka mashariki, hewa inaanza kubadilika. Vichuguu vya mchwa vinatokea, kwanza vidogo, halafu vya kimo cha mtu. Wapita njia wamevivisha fulana na kofia. Sweta nililivua Elliott sikulivaa tena.

Daly Waters nililala usiku mmoja katikati ya umati wa karavani, nikala samaki wa barramundi wa kukaanga kwa dola 38. Samaki mzuri, kelele nyingi.

Mataranka nilikaa zaidi. Bitter Springs ni chemchemi ya maji ya nyuzi 34, mangavu hadi unaona majani yaliyolala chini, chini ya miti ya jamii ya mnazi na mikadi. Unaingia juu kwa ngazi, unajiachia, mkondo unakubeba taratibu hadi ngazi za chini, unatoka, unarudi juu. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, mvuke ukiwa bado juu ya maji na watu wachache. Nilivaa baibui la kuogelea na hakuna aliyenitazama mara mbili. Bibi mmoja wa Melbourne mwenye miwani ya kuzamia alinipa miwani yake nione kobe, kisha akakataa niirudishe.

20 Julai hadi katikati ya Agosti. Darwin

Darwin inanukia nyumbani. Miembe, minazi, mikoko, maua uani kwa watu, na bahari inayopwa na kujaa kwa mita saba, nane, ikiacha matope yenye kaa. Tofauti ni kwamba bahari ile huiogelei kwa sababu ya mamba. Alhamisi na Jumapili jioni ufuko wa Mindil una soko, na vyakula vya Timor, Indonesia, Sri Lanka na Thailand vinapikwa mbele yako. Nilikula mishikaki yenye mchuzi wa karanga, nikaongea na mama muuzaji juu ya mchaichai kwa nusu saa.

Mashariki ya Darwin, mbali kwenye visiwa vya Wessel, kuna kisiwa kiitwacho Marchinbar. Mwaka 1944, wakati wa vita, mwanajeshi wa anga wa Australia aliyewekwa huko kwenye rada aliokota sarafu tisa mchangani. Nne zilikuwa za Kidachi. Tano zilikuja kutambuliwa miaka mingi baadaye kuwa sarafu za shaba za masultani wa Kilwa. Zilifikaje, wataalamu wanabishana bado: meli ya Wareno, wafanyabiashara wa Indonesia, mabaki ya meli iliyovunjika. Marchinbar hakufikiki kwa karavani, na panahitaji kibali cha wenyewe. Lakini nilikwenda ufukweni jioni kadhaa nikatazama upande ule, na nikampigia simu kaka yangu Tanga kumsimulia, akasema atawaambia wanafunzi wake kesho yake.

Agosti. Kurudi

Nilirudi kwa njia ile ile, bila kukawia isipokuwa Alice Springs kwa dada yangu wa Kisomali. Karavani haikusumbua tena.

Hesabu, kwa wanaouliza. Mafuta ya kwenda peke yake, pamoja na mchepuko wa Uluru na mizunguko ya mijini, yalikaribia dola 1,200. Kambi za kulipia zilikuwa kati ya dola 35 na 60 kwa usiku, na karibu nusu ya usiku wangu nililala kwenye vituo vya bure. Kifaa cha kutuma ishara ya dharura kwa setilaiti kilinigharimu dola 300 na kitu, na ndicho kitu cha kwanza ninachomshauri mtu anayesafiri peke yake anunue, kabla hata ya kiti cha kukunja. Nenda kati ya Mei na Agosti. Beba maji ya siku tatu zaidi ya unayodhani utahitaji. Kuhusu woga: usiku nilifunga mlango, niliegesha nikielekea njia ya kutokea, na kila nilipolala kwenye kituo cha bure nilimsalimia jirani kwanza na kumwambia jina langu.

Mwakani, Mungu akipenda, nataka njia ya Birdsville, kilomita 517 za vumbi kutoka Marree, mji walioishi wale wachungaji wa ngamia na walikojenga msikiti wao wa udongo. Hiyo haifai kwa karavani yangu yenye magurudumu madogo, kwa hiyo natafuta trela imara ya hema. Mwenye nayo Adelaide aniambie.